Tangazo la Fachtna Hurley Lililochelewa

Fachtna Hurley aliitumikia Redio Kilvarna kwa miaka thelathini na mitano, akastaafu tarehe 30 Juni 2014. Wasifu wa kumuaga ulipaswa kutoka katika jarida hili la wafanyakazi wa zamani mwezi uleule. Hatukuuandika. Alifariki dunia tarehe 9 Februari mwaka huu, na sasa tunauandika kwa aibu.

Alianza mwaka 1979, bila leseni, katika dari ya duka lake la mbegu, mtambo ukiwa umefichwa chini ya magunia ya viazi. Polisi walipopanda ngazi, aliwauzia mbegu za karoti, wakashuka. Leseni ilipopatikana miaka kumi baadaye, tulikuwa wafanyakazi kumi na wawili, na kila mmoja wetu alijifunza kazi kwa kukaripiwa.

Hatutampamba. Alikuwa mkali, mbishi na mpenda sifa. Alimfukuza kazi fundi wetu Donncha mara tatu, mara ya pili kwa kumtangaza hewani. Hatimaye akakiuza kituo kwa kampuni moja ya Dublin bila kutuambia, na wenzetu saba wakapoteza kazi. Siku alipokata keki ya kuagwa, sisi tulikaa katika baa ya ng'ambo ya barabara, tukimtazama dirishani. Alikula kipande chake pamoja na mfagizi.

Jambo moja hakulifanyia mchezo: matangazo ya vifo. Saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni muziki ulikatwa, yakasomwa majina ya marehemu, nyumba walimolazwa na saa ambazo mlango uko wazi kwa wageni. Kwetu mtu huzikwa siku ya tatu. Asiyetangazwa huzikwa na jirani zake tu. Alipofariki mtu aliyewahi kukata nyaya za mnara wetu, msomaji wetu wa habari Nuala Crotty aliitupa kapuni karatasi yenye jina la marehemu. Fachtna aliiokota, akainyoosha juu ya goti.

"Nuala, mama, ugomvi wangu naye ulikuwa wa jana," alisema. "Leo ana wageni. Soma."

Kampuni ya Dublin iliniachia mimi kazi hiyo ya kusoma. Asubuhi ya tarehe 10 Februari dada yake, Bi Gobnait, alinipigia simu.

"Diarmuid, mwanangu, Fachtna ametutoka. Mlango utakuwa wazi kuanzia saa kumi. Nimeoka mikate sita. Nawajua watu wa kwetu."

Niliandika yote. Kisha nikawapigia Nuala na Donncha.

"Yule? Akazikwe na keki yake," alisema Nuala, nami nikacheka.

"Mzee, wewe sahau kidogo," alisema Donncha. "Kwa umri wako nani atakuuliza?"

Siku ile nilisoma majina manne. Lake lilibaki mfukoni mwangu.

Mazikoni tulikuwa watu tisa, pamoja na padri na wachimba kaburi wawili. Baadaye Bi Gobnait alitukaribisha chai. Mikate mitano ilikuwa haijakatwa.

"Redio yenu imeharibika?" aliniuliza, akinimiminia. "Ama watu hawakumsamehe?"

Donncha alitazama viatu vyake. Nuala alianza kukata mkate ambao hakuna aliyeuomba. Niliitoa ile karatasi, nikaiweka mezani. Bi Gobnait aliisoma yote, akanirudishia.

"Basi soma, mwanangu. Hata leo."

Nililisoma jina lake saa kumi na moja jioni. Kufikia saa moja, magari yalikuwa yamepangwa kutoka kwa Bi Gobnait hadi darajani, na waliokuja walikuwa wakiulizana amezikwa lini.

Mzee Fachtna, tunakushukuru kwa kazi uliyotufundisha. Siku ilipotupasa kuifanya kwa ajili yako, tuliikataa. Tunakutakia pumziko jema, na tunakuomba radhi.