Uwanja Umeota Kitambi

FUNDI: Haloo? Ni nani?

BABA MKUBWA: Mimi.

FUNDI: Mimi nani? Namba siijui, na hapa kazini mashine inashindilia—

BABA MKUBWA: Baba yako mkubwa. Simu yangu imeingia maji, hii ya jirani. Hujambo, mwanangu?

FUNDI: Ah, shikamoo, Baba Mkubwa. Imeingia maji wapi tena?

BABA MKUBWA: Marahaba. Uwanjani. Sasa wewe ni fundi wa viwanja, hebu nijibu kitaalamu. Nyasi bandia zinaweza kushika mimba?

FUNDI: Zinaweza nini?

BABA MKUBWA: Mimba. Nauliza tu, kama mtu anayependa elimu.

FUNDI: Uwanja umefanyaje?

BABA MKUBWA: Umeota kitambi. Upande wa huku uko tambarare kama meza. Ila ukivuka wavu, katikati pamevimba mpaka hapa.

FUNDI: Hapa wapi? Sikuoni.

BABA MKUBWA: Kiunoni. Haya, gotini. Jogoo alipanda juu asubuhi awike, akayumba, akashuka bila kumaliza.

FUNDI: Kwenu mvua ilinyesha?

BABA MKUBWA: Mvua tu? Niliona chura amejibanza barazani anaomba hifadhi.

FUNDI: Basi maji yameingia chini ya nyasi. Udongo wako ni mfinyanzi, Baba Mkubwa, nilikueleza. Ukikauka unapasuka, ukilowa unavimba, na maji hauyapitishi. Ndiyo maana nikakuletea lori la kokoto uzitandaze kwanza. Nikataka nije nitandike mwenyewe, ukasema fundi wa nini, mikono unayo. Ulizitandaza?

BABA MKUBWA: Nilizitandaza.

FUNDI: Zote?

BABA MKUBWA: Hata moja haikusalia. Mimi nashuku— [mkwaruzo] —fuko.

FUNDI: Unakatika. Nini?

BABA MKUBWA: Fuko. Yuko humu chini, mkubwa kama ndama. Wakati nachimba nilimsikia anakohoa.

FUNDI: Fuko hakohoi.

BABA MKUBWA: Huyu ni mzee, mwenzangu.

FUNDI: Hebu panda hapo palipovimba. Mguu unasikia kokoto?

BABA MKUBWA: Unasikia… godoro la hoteli.

FUNDI: Basi hakuna kokoto hapo.

BABA MKUBWA: Mwanangu, tuache historia. Wastaafu wa reli wako njiani, wanakuja kuufungua uwanja. Unajua sisi wa posta siku zote tunacheza wavu kwao, na wakishatufunga wanatuambia twende tukajifunzie kwetu. Kwetu hakukuwa na kwetu. Sasa kupo, na nimeshawatangazia kwamba uwanja kama huu hawajauona. Nimewaambia unajikausha wenyewe.

FUNDI: Ulisema hivyo kwa nini?

BABA MKUBWA: Mdomo ulitangulia. Na wenzangu wa posta wamenipa onyo, leo tukichekwa tena, timu inavunjwa, wanahamia karata. Karata, mwanangu. Tutakaa tunaota kutu.

FUNDI: Dawa ipo. Mko wengi, kunjeni nyasi, muondoe tope, mrudishe zile kokoto. Ziko wapi?

BABA MKUBWA: [anakohoa]

FUNDI: Haloo?

BABA MKUBWA: Nipo. Zimelala njiani.

FUNDI: Njia gani?

BABA MKUBWA: Ya kutoka mlango wa jikoni kwenda kwenye kamba ya nguo.

FUNDI: Lori zima?

BABA MKUBWA: Nimezishindilia vizuri sana, kama ulivyonielekeza.

FUNDI: Baba Mkubwa, jamani, kamba ya nguo ina haja gani na—

BABA MKUBWA: Mama yako mkubwa tangu apasuliwe goti, fimbo yake ilikuwa inazama kwenye tope. Anaing'oa, inazama. Akaacha kutoka. Akawa anakaa dirishani ananielekeza mimi kuanika. Mimi, kuanika. Akasema naanika kama mtu anayegawa barua.

FUNDI: Na sasa?

BABA MKUBWA: Sasa anatoka. Asubuhi anatoka, jioni anatoka, hata kama hakuna nguo za kuanika. Anawasema kuku tu, anarudi.

FUNDI: Na anajua kokoto zilikuwa za—

BABA MKUBWA: Nilimwambia zilibaki.

FUNDI: Zilibaki?

BABA MKUBWA: Kwamba wewe ulikosea hesabu.

FUNDI: Kumbe. Ndiyo maana alinipigia akaniuliza kama shule nilikwenda au nilisimuliwa.

BABA MKUBWA: Nisamehe. Jina lako ndilo lilikuwa karibu.

FUNDI: Haya, yamepita. Tuzoe nusu tu, kwa leo, njia itabaki na—

BABA MKUBWA: Hapana.

FUNDI: Nusu, Baba Mkubwa.

BABA MKUBWA: Hata kiganja. Nipe dawa nyingine.

FUNDI: Basi chana pale nyasi zilipoungwa kwa gundi, maji yatoke. Yataelekea wapi?

BABA MKUBWA: Ngoja nitazame… Njiani kwake.

FUNDI: Yakipita hapo na lile tope—

BABA MKUBWA: Hapana tena. Kitambi kikae. Aibu nitaivaa mimi. [mlio wa geti] Hao wameingia. Breki yuko mbele.

FUNDI: Breki nani?

BABA MKUBWA: Kapteni wa reli. Tunamwita Breki kwa sababu hana. Amekiona. Anakibonyeza kwa kidole. Sasa anaitazama njia. Amechuchumaa, ameokota kokoto, anaigeuzageuza. Mwanangu, huyu maisha yake yote ametandika reli, kokoto anazijua kama wanawe. Nimekwisha.

FUNDI: Mwambie ukweli.

BABA MKUBWA: Nitamwambiaje, na mama yako mkubwa ndiye huyo anatoka jikoni. Anawakaribisha. Anawaonyesha njia yake, anasema kokoto zilibaki, yule mtoto hajui kukadiria.

FUNDI: Ananisema mbele ya reli nzima?

BABA MKUBWA: Kwa mapenzi. Subiri. Breki anaitazama fimbo. Anaitazama njia mpaka mwisho wake. [mkwaruzo] —ameirudisha.

FUNDI: Amerudisha nini?

BABA MKUBWA: Ile kokoto. Ameiweka alipoitoa, ameigonga kwa kisigino ikae.

FUNDI: Amesema nini?

BABA MKUBWA: Hajasema. Anavua viatu. Anawaambia wenzake, upande wenye kilima ni wao. Wenyeji wapewe tambarare. Eti reli imezoea miinuko.

FUNDI: Wenzake wamekubali?

BABA MKUBWA: Wanapanda. Wameshikana mikono kama watu wanaovuka mto. Wa posta hawana mbavu kwa kucheka. Hata mama yako mkubwa.

FUNDI: Sikia, Jumamosi nakuja na lori jingine, na safari hii natandika kwa mikono yangu—

BABA MKUBWA: Njoo, mwanangu, njoo. Jirani ananionyesha ishara, vocha yake— ngoja, Breki anapiga mpira. Ameruka. Kitambi kimemsukuma, amepaa, mwanangu, amepita juu ya wavu, anazidi kwenda—

FUNDI: Ameangukia wapi?

BABA MKUBWA: Bado.

FUNDI: Bado nini? Baba Mkubwa? Haloo? Ameshashuka? Haloo?