Mmea wa Lorne na Mvua ya Usiku

Benchi letu liko nje ya duka la mashine za kufulia nguo, hapa Larkin Fork, na tunalipenda kwa sababu ukuta wake una joto hata asubuhi ya baridi na mwenye duka amechoka kutufukuza. Kahawa huileta Gunnar, fundi wa mabomba aliyestaafu, kwa hiyo anaitwa Bomba. Wendell, aliyekuwa tarishi wa posta, huvaa koti jeusi mwaka mzima na sauti yake inakwaruza. Huyo ni Kunguru. Marigold anasoma nyota, na hajawahi kukosea kwa kuwa hakumbuki alichosema wiki iliyopita. Tunamwita Mama Falaki. Mimi wananiita Karani, nadhani kwa sababu nasikiliza kuliko ninavyosema. Sote ni Wapagani, watu wa dini ya kale, na hapa kwetu si jambo la kunong'ona: Odette Fairclough, kuhani wetu, ni mchawi na amebandika maneno hayo nyuma ya gari lake. Siku ninayoisimulia ilikuwa Samhain, siku yetu ya wafu, mwisho wa Oktoba, na hakuna aliyekuwa na raha, maana mfu wetu wa mwaka huu alikuwa Lorne, mume wa Odette, na mmea wake ulikuwa bado umesimama.

Ni hivi. Kila mwaka tunapanda bangi, mche mmoja tu, ndani ya duara la mawe mlimani kwa Odette. Siku ya Beltane, Mei inapoanza, tunapiga kura, na aliyeangukiwa ndiye anayeweka mbegu ardhini, ndiye anayebeba maji kutoka kijitoni kwa mkono wake, na Samhain ndiye anayekata ua la kwanza. Mkono mwingine haugusi. Ua lile likiwekwa kwenye makaa, majina ya waliokufa hutajwa ndani ya moshi, na sisi tunaamini wanapitia hapo kwenda kupumzika. Mwaka huu kura ilimwangukia Lorne. Juni ikielekea kwisha akalazwa hospitali mjini, na Agosti akafariki hukohuko. Sasa redio ilikuwa imetangaza kwamba mvua ya kwanza ya msimu itafika usiku, na mvua ikiyapiga maua yaliyokomaa, yanaingia ukungu na kuoza. Odette alikuwa amesema ua halitakatwa na jina la mumewe halitatajwa. Alisema hivyo, akaingia dukani kufua kitambaa cheupe cha madhabahu, akatuacha tukitazamana.

— Umeuona leo? — Kunguru aliuliza.

— Nimeuona kwa mbali, nikiwa njiani, — alisema Bomba akimimina kahawa. — Umenipita kichwa kizima.

— Wewe kupitwa kichwa si habari, Bomba. Hata mbwa wangu akisimama anakupita.

— Cheka tu. Ulipita mlimani Jumapili, ukarudi mweupe kama chaki. Uliona nini?

Kunguru hakucheka tena. Akakishika kikombe kwa mikono miwili.

— Kulungu, — alisema. — Walikuwa wengi. Hawa hawa waliokula waridi za kila mtu mji huu, hadi miiba. Wamesimama nje ya mawe, wametulia, wanautazama. Hakuna hata mmoja aliyetia mguu ndani. Nikaona na mimi nivue kofia.

— Mbona mnashangaa? — Mama Falaki alidakia. — Lorne aliupanda mwezi ukiwa kwenye nyota ya Saratani, yaani Kaa. Ile ni nyumba ya maji, jamani. Mmea ukipandwa hapo unanyonya mwezi wenyewe. Niliwaambia.

— Ulituambia utadumaa.

— Nilisema utatushangaza. Kudumaa nako kungetushangaza.

Bomba akatikisa kichwa. Bomba havuti. Kiko kikipita kwenye duara anakigusa kwa heshima na kukipeleka mbele, kisha anarudi kwenye kahawa yake. Lakini ukiutania mmea huo mbele yake mtakosana.

— Nyie hamwelewi mna nini pale, — alisema. — Zamani sana, kule nyika za Asia, kulikuwa na watu wa farasi. Wakimaliza kuzika, wanajifungia kwenye hema dogo, wanatupa mbegu za bangi juu ya mawe ya moto, moshi unajaa, wanapiga kelele. Mmea huu ulihudhuria mazishi kabla hakujawa na kanisa hata moja. Si sisi tuliouita. Wenyewe unajua kazi yake, na unajua nani amekufa.

— Hayo umeyatoa wapi?

— Kwenye jarida, kwa daktari wa meno.

— Aa, basi ni kweli.

— Sikilizeni la kwangu, — Kunguru alisema, sasa kwa sauti ya chini, akichungulia mlangoni kama Odette yuko karibu. — Asubuhi ule mmea unaelekea jua kama kila mmea wenye akili timamu. Jioni unageuka. Unaelekea dirisha la jikoni. Pale anapokaa Odette na chai yake. Ninyi semeni mwezi, semeni farasi. Mimi nasema Lorne hakumaliza kufa. Nusu imezikwa, nusu iko kwenye majani, inamwangalia mkewe asisahau kula.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanda mlimani wiki ile, na nakiri niliogopa. Harufu ilinipokea kabla sijafika kwenye mawe, nzito, ya limau na utomvu wa msonobari. Matawi yalikuwa yameinama kwa uzito wa maua, majani ya chini yamegeuka zambarau, na nyuki hawakuwepo, wala upepo. Nilisimama nje ya duara nikajisikia mdogo. Nimekuwa Mpagani tangu ujana na nimeshiriki mambo mengi ya kujifanya. Pale sikujifanya.

Odette akatoka na kitambaa kimelowa begani, akaketi ukingoni mwa benchi. Nyuma yake akatoka msichana amebeba kapu la nguo. Huyu alikuwa Priscila, mwalimu mpya wa chekechea, amehamia mji huu kutoka bondeni kusini na hakuwa amepata rafiki bado. Bomba akamsogezea nafasi na kikombe.

— Keti, mwalimu. Hapa hatuumi.

— Kunguru anauma, — alisema Mama Falaki, — lakini leo ana huzuni.

Kunguru alikuwa amemgeukia Odette.

— Odette. Nina jambo, na usinikatize. Glavu za Lorne ziko kwenye gari la Bomba. Alimwazima kabla hajaugua. Zina utomvu wa mmea ule ule kwenye vidole. Vaa hizo, ukate. Mkono utakuwa wake.

— Glavu si mkono.

— Wewe ni mkewe.

— Kura haikumwangukia mkewe, Wendell.

Akimwita mtu kwa jina lake la cheti ujue amekasirika. Bomba alijaribu kwa upole.

— Mama, mvua inakuja. Yakioza, Lorne atakaa mwaka mzima hajatajwa. Utaweza kulala?

Odette alikishusha kitambaa begani, akakikunja magotini. Kisha akasema, akitazama barabara:

— Nitawaambia, kwa kuwa mnanisukuma. Mmea ule umeshaharibika. Mtu ameugusa. Lorne alipolazwa, mmoja wenu alipanda mlimani kuutunza kwa siri. Nilijua. Niliposikia Septemba kwamba bado uko hai, nikajua. Sikutaka kumwaibisha mtu kwa wema wake. Lakini siwezi kumpitisha mume wangu kwenye moshi wa mkono wa mwingine, halafu nijifanye sijui. Nilimwahidi nitamuaga kwa kanuni. Sasa mmejua, mniache.

Tukatazamana, na kila mmoja akawa mtuhumiwa. Kunguru alimtazama Bomba. Bomba akamtazama Mama Falaki. Mama Falaki alinitazama mimi, bila haya yoyote.

— Samahani, — alisema Priscila. Alikuwa ameshika kikombe bila kukinywa. — Huo mmea uko nje? Hauko kwenye chungu?

— Uko nje, binti. Mlimani, — Bomba alijibu.

— Na mvua haijanyesha huku tangu Mei. Mrehani wangu uko dirishani, niliusahau siku chache tu, umekuwa majivu. Kwa hiyo nauliza tu. Nani aliumwagilia maji?

Swali dogo hivyo. Odette ndiye aliyejibu kwanza.

— Si Bomba? Nilijua ni wewe, Gunnar. Maji ni kazi yako.

Bomba akawa mwekundu hadi masikioni.

— Nilikwenda mara moja, — alisema. — Joto lile la Julai. Nilijaza ndoo kijitoni, nikafika kwenye mawe, miguu ikakataa. Nikaona Lorne atajua. Nikashuka nayo, nikamwagia waridi zako. Kulungu wakazila. Baada ya hapo nilidhani unamwagilia wewe, Odette, nikasema mke akivunja kanuni kwa mapenzi, mimi ni nani.

— Mimi sijaingia uwanja ule tangu walipomchukua. Siwezi kuutazama. Hata pazia la jikoni nimelifunga.

— Nami nilidhani ni wewe, — Kunguru alimwambia. — Nikatazama pembeni. Mimi nilikuwa naenda kuongea nao tu. Kwa mbali.

— Mimi magoti yangu hayapandi mlima, — alisema Mama Falaki. — Nilidhani ni Karani. Anatembea tembea bila sababu.

Wakanigeukia. Niliapa kwa mama yangu, na walijua siapi ovyo kwa mama yangu. Sikuwahi kuvuka yale mawe.

— Labda kuna bomba limepasuka chini, — Priscila alisema taratibu.

Bomba aliweka kikombe chini. Amechimba kila mtaro wa mji huu, na kwa Odette alichimba yeye na Lorne, wakiwa vijana wote wawili.

— Mlima ule hauna bomba, — alisema. — Hauna chemchemi. Lorne na mimi tulichimba kisima pale tukakuta mwamba mkavu, tukakifukia. Kuna mwaka aliyepanda alilala na homa wiki moja tu bila kubeba maji, na kabla hatujajua mmea ulikuwa umekauka kama fimbo. Sote tuliuona.

Mashine moja ndani ya duka ilikuwa ikizungusha nguo za mtu. Katika maisha yangu nimeambiwa maajabu mengi na watu waliotaka niyaamini. Hili halikuletwa na mtu yeyote. Lilikuwa limekaa katikati yetu tangu kiangazi, na adabu zetu ndizo zilizotuzuia kuliona.

Odette alikuwa ameshika kitambaa chake kilicholowa kwa mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

— Kwa hiyo hakuna aliyeugusa, — alisema.

— Hakuna, — Bomba alisema.

— Mkono ni ule ule mmoja.

— Ule ule, mama.

Akasimama.

— Lete glavu. Kama hakuna mkono mwingine ulioingia, zitatosha.

Bomba akaenda kwenye gari lake, akachakura chini ya kiti, akarudi nazo. Zilikuwa za ngozi, zimekauka zikiwa zimekunjika vidole, vile mtu anavyoshika mpini wa ndoo. Odette alizitazama kwanza. Kisha akaingiza mkono wa kulia, polepole, asije akazinyoosha.

— Zinanipwaya, — alisema, akacheka huku analia.

Akatuambia tufike kabla jua halijazama na tusichelewe kama kawaida yetu. Akamwambia Priscila naye aje.

— Nije na nini? — Priscila aliuliza.

— Na jina la mtu wako aliyekufa, ukiwa naye. Litapita pamoja na la Lorne.

— Ninalo, — alisema Priscila. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu wa watoto na haachi swali njiani: — Lakini hamjanijibu. Nani alimwagilia?

Mama Falaki, ambaye ana jibu la kila kitu, alitazama juu angani. Kunguru alivua kofia. Bomba akainua chupa ya kahawa atumiminie, ikatoa matone mawili ikaisha, na yeye akabaki ameiinamisha vile vile juu ya kikombe, anatazama mlimani.

— Maisha yangu yote nimekuwa nikifuata maji hadi yanakotoka, — alisema. — Haya siyajui.

— Basi nyamaza, Gunnar, — Odette alimwambia kwa upole, na akaanza kupanda mlima.