Kinoo cha Rimma Arkadyevna

Tarehe 30 Aprili, saa nane mchana, Rimma Arkadyevna Tulupova atakabidhi ufunguo wa chumba cha viatu cha Jumba letu la Barafu na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Mkurugenzi ameniomba mimi, Gennady, mnoaji wa vyuma vya viatu vya kutelezea barafuni, niandike wasifu wake katika kijitabu hiki cha sherehe, tena akasisitiza niandike kwa furaha. Nitajaribu. Ila jamani, furaha yenyewe niitoe wapi?

Alikuja kwetu akitokea kiwanda cha beringi, alikokuwa mkaguzi. Kitengo chake kilipofungwa akakubali kazi ya kugawa viatu, kuvikausha, na kuwafungia kamba watoto wasiojua mguu wa kulia ni upi. Chumba chake kilinukia chai na jamu. Hakuna aliyethubutu kukanyaga sakafu yake ya mbao kwa viatu ambavyo chuma chake hakijavishwa ala. Kipa wetu wa hoki, Bulat, kilo mia na kumi, alisahau siku moja. Alipigishwa deki korido nzima huku timu ikimsubiri, na tangu hapo akipita mlangoni pale anavua hata kofia.

Hayo yamo kwenye faili lake. Kazi yake hasa haimo.

Niwaeleze wageni wetu. Chuma cha kiatu cha barafu kina ukingo wa ndani na ukingo wa nje, na katikati pana mfereji mwembamba. Kingo zikiwa sawa, mtoto anaruka na kutua. Mmoja ukiwa juu ya mwenzake, hata kwa unene wa unywele, mguu unamtoroka na anapigwa chini. Watu wa hoki hawajali sana, wao wanataka makali tu. Na mimi ni mtu wa hoki. Nilipoanza kazi hapa, miaka ishirini na miwili iliyopita, nilisaga meno ya mbele ya kiatu cha binti mmoja, yale ya kurukia, nikidhani ni kasoro. Rimma Arkadyevna alinifokea mpaka wakaja watu. Lakini baada ya hapo, kila nilipompelekea viatu, alipitisha kidole kwenye chuma na kuniambia neno moja tu: "Safi, Gena."

Safi! Nikavimba kichwa. Nikawa najiita fundi, hata mbele ya shemeji zangu.

Februari hii alilazwa siku kumi na moja kwa homa ya mapafu. Siku ya nne watoto watano walianguka katika zoezi moja. Ulyana, binti wa miaka kumi na mitatu anayejiandaa kwa mtihani wa daraja, alitoka barafuni mdomo unavuja damu. Mwalimu wao, Larisa Borisovna, akaja karakanani na kiatu mkononi, akalaza sarafu juu ya kingo zake. Ikainama kama mlevi.

"Hii nini?"

"Barafu yenu mbovu," nikamjibu.

"Barafu? Gennady Ivanovich, usinichezee! Kamuulize Rimma Arkadyevna alikuwa anafanya nini kila siku saa saba mchana."

Nikaenda hospitali na mfuko wa machungwa. Akakohoa, akageukia ukuta, kisha akaniambia. Kumbe kila siku, kabla watoto hawajatoka shule, alijifungia ndani, akatoa kinoo kidogo mfukoni mwa aproni, akasawazisha kiatu kimoja kimoja nilichokiharibu. Miaka ishirini na miwili! Vidole vyake vilivyokagua beringi vilihisi nisichokiona kwa macho.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kazi, Gena. Na hakuna mwingine aliyekubali kuja huku kwetu."

Nililia pale pale mbele ya wagonjwa, wala sioni haya kulisema.

Aliporudi nilimsihi anifundishe, na asinidanganye tena. Tulikaa wiki saba. Nikinoa, anapitisha kidole. "Bado, Gena. Kushoto kuko juu." Kesho yake, "Bado." Kesho kutwa, "Unakandamiza, bwana! Nani kakwambia unachinja kuku?" Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nina miaka hamsini na minane. Mkono wangu ni mzito na hausikii. Nilisaga vyuma vibovu vya kujifunzia mpaka sanduku likaisha, na sarafu ikaendelea kuinama.

Abaki? Daktari amemkataza ubaridi wa humu. Tupeleke viatu kwa fundi mwingine? Yupo mmoja, mwendo wa saa saba kwa treni, na hapokei kazi mpya mpaka Juni. Mtihani wa Ulyana ni tarehe 17 Mei. Asipofaulu safari hii, kikosi cha mkoa hakimchukui tena, na mtoto huyu hana kingine anachokitaka duniani.

Juzi nilinoa viatu vya Ulyana. Rimma Arkadyevna akapitisha kidole, taratibu, mara mbili. Akaniangalia. "Safi, Gena."

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilifika mpaka uani ndipo nikakumbuka kofia, nikarudi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa ameinama juu ya kiatu cha Ulyana, kinoo mkononi, anakohoa, anasugua upande wa kushoto. Nikarudi kinyumenyume bila kofia. Nilikwenda nyumbani kichwa wazi, na theluji ilikuwa inaanguka.

Makali yale ni yake, na nimeyapigia hesabu. Kwa mazoezi ya Ulyana yatadumu mpaka tarehe kumi Mei, kisha yataanza kufa. Nimemwambia apunguze kuruka. "Nipunguze, halafu nifaulu vipi?" akaniuliza. Mimi sitavinoa tena, kwani chuma butu kilicho sawa ni afadhali kuliko kikali kilichopinda. Atafanya mtihani na chuma butu. Atakavyotua, sijui. Usiku sipati usingizi kwa hilo.

Rimma Arkadyevna, wenzako wa Jumba la Barafu tunakushukuru. Mimi nakushukuru kwa kila "safi" ambayo haikuwa safi. Basi lako ni saa tisa. Huko kwa binti yako ule, ulale, ucheke na wajukuu, mikono yako ikae bure mapajani, na siku zako zote ziwe njema. Kinoo ulichoniachia mezani nimekiona. Nimekifungia kabatini pamoja na viatu vya Ulyana, na ufunguo nimempa Larisa Borisovna amfungulie mtoto saa za mazoezi tu, nikamwambia asinipe mimi hata nikipiga magoti.