Kenge Kumi na Saba, Watu Hakuna

Benchi letu lipo mwaloni Nyamalebe, bandari ndogo ya wavuvi ziwani, upande wa Ilemela, pale barabara ya vumbi inapoishia mchangani. Ni ubao wa mtumbwi mkuukuu juu ya matofali, na kila mmoja ana sehemu yake. Ukikalia ya mwenzako utaombwa kwa adabu uinuke, halafu utaombwa bila adabu. Wa kwanza ni Shigela, tunamwita Profesa kwa sababu alilinda geti la chuo miaka kumi na moja, na hakuna elimu iliyoingia pale bila yeye kuikagua begi. Wa pili ni Shimba, dalali wa ng'ombe, jina lake la hapa ni Mnada maana hajui kuongea kwa sauti ya chini. Wa tatu ni Mukesh, muuza spea za injini za boti, mzaliwa wa Mirongo, huyo ni Pistoni. Wa nne ni mimi, Karabai, fundi wa taa za kuvulia dagaa. Yeremia ndiye mwenye birika, kashata na uvumilivu. Ijumaa hiyo, kwenye saa sita mchana, Profesa alitokea na ripoti kwapani, nene kama mkate wa boflo, na uso wa mtu aliyepata cha kubishania mpaka jioni.

Profesa: Wazee, kimenuka. Tathmini ya mazingira hii hapa. Nimeiazima ofisi ya kata, nimewaachia kitambulisho changu cha kura.

Mnada: Tathmini ya nini tena?

Profesa: Ya Uwanda wa Mabuye, hapo nyuma ya kilima. Si ni ardhi ya umma? Sasa kuna kampuni imeomba ipangishwe kitalu, itafute mafuta na gesi. Kabla haijapewa, wataalamu lazima wapime. Kuna nini pale, kuna nani, nini kitaharibika. Halafu wananchi tunatoa maoni. Mwisho wa maoni ni leo, saa tisa alasiri.

Pistoni: Leo? Na wewe ndiyo unaileta leo?

Profesa: Nilikuwa naisoma.

Pistoni: Wiki tatu?

Profesa: Ina viambatisho.

Mnada hakusubiri viambatisho. Yeye akishasikia neno moja linamtosha, na neno alilolishika lilikuwa mafuta.

Mnada: Mafuta yapo, hilo msibishe! Mnafikiri sangara anayatoa wapi yale mafuta yake? Ukimweka kikaangoni huhitaji kuongeza tone, anajikaanga mwenyewe! Anakunywa huko chini yule!

Pistoni: Acha kamba, Mnada. Sangara ananona kwa kula wenzake.

Mnada: Na hao wenzake wanakula nini?

Pistoni akakimbilia kashata. Ndiyo shida ya Mnada, anakuuliza swali la kijinga kwa sauti kubwa mpaka unajiona wewe ndiye hujasoma.

Profesa: Nyie mnawaza samaki. Wazeni gesi. Gesi ni nyepesi, inapanda. Ikifunguliwa chini ya ziwa, maji yote yanakuwa mepesi. Kivuko cha Nansio kitakuwa kinateleza juu juu, nusu saa umeshafika Ukerewe.

Pistoni: Sasa vyombo vikiteleza vyenyewe, mimi nitauza nini?

Profesa: Breki.

Tulicheka mpaka Yeremia akamwaga kahawa nje ya kikombe. Alipomaliza kufuta akaleta na lake.

Yeremia: Na viboko je? Kiboko akimeza hiyo gesi?

Mnada: Anaelea! Kiboko mzima, juu ya mapaa ya Kiseke, kama puto la harusi! Watu wanaanua nguo wakidhani ni wingu!

Mimi: Akishuka, anamshukia nani?

Profesa: Hiyo sasa ndiyo inaitwa athari kwa mazingira. Lazima iwe humu ndani. Ngoja.

Akalamba kidole, akafunua. Viboko hakuwapata, ila alipata orodha ya viumbe wa Uwanda wa Mabuye, akaanza kuisoma kwa sauti yake ya mahafali.

Profesa: "Korongo, ishirini na wawili. Konokono wa maji, aina tatu. Kenge, kumi na saba."

Pistoni: Wamewahesabu kenge?

Profesa: Kumi na saba. Mmoja hana mkia.

Mnada: Huyo namjua!

Profesa: Tulieni. "Watu wanaotumia eneo, hakuna. Shughuli za kiuchumi, hakuna. Athari kwa wananchi, hakuna."

Kicheko kikakatika. Kila mtu hapa anajua nani anatumia Uwanda wa Mabuye. Wilhelmina na kikundi chake, wanawake thelathini na wanane, ndipo wanapoanika dagaa. Wana chanja zao pale, wana nyavu za kutandaza, na dagaa wanaotoka pale wanasafiri mbali kuliko sisi tulivyowahi kusafiri. Hakuna mchanga mwingine upande huu usio na mtu. Na uwanda ukipangishwa kama eneo tupu, hakuna atakayewauliza wanawake wale waende wapi, kwa sababu kwenye karatasi hawapo. Niliposikia lile "hakuna" la tatu, moyo uliniuma kweli.

Mimi: Wataalamu gani hawa? Unamwona kenge asiye na mkia, humwoni mwanamke mwenye beseni kichwani?

Mnada: Walivaa miwani ya jua! Nawaambieni! Ile nyeusi kabisa, ukiivaa unaona vitu vinavyotambaa tu!

Pistoni: Hapana, walitumia ile ndege ndogo ya kamera. Kutoka juu, mwanamke aliyejifunga kanga unamwona kama ua. Profesa, hebu tazama kwenye maua.

Profesa akatazama.

Profesa: "Maua ya njano na zambarau, mengi."

Pistoni: Si nimesema! Wamewaandika kwenye maua!

Mnada: Mimi nasema kenge wametoa kitu kidogo! Haiwezekani wao waandikwe mpaka mkia, binadamu waachwe! Kuna kenge mmoja pale ana akili za uenyekiti!

Mimi: Wafutiwe vyeti, wote! Waitwe hapa, wasimame mbele ya hili benchi, watuambie walifundishwa wapi kuhesabu!

Niseme ukweli, siku hiyo mimi ndiye niliyeongoza kwa hasira. Nilisimama, nikapiga goti langu kwa kofi, nikapiga na la Pistoni. Ndipo Wilhelmina akatokea njia ya kilimani, mikono ina magamba, amejitanda kanga ya njano.

Wilhelmina: Shikamooni wazee.

Sote: Marahaba, mayu. Karibu, mama.

Wilhelmina: Nimeambiwa ripoti iko hapa. Naomba niione.

Profesa: Isikutie presha, mayu. Tunaishughulikia. Tayari tuna nadharia nne.

Wilhelmina hakutaka nadharia. Alikaa sehemu ya Mnada, na Mnada, kwa mara ya kwanza mwaka huu, hakudai. Yeremia akampa kikombe. Akasoma polepole, kidole chini ya mstari, nasi tukimwangalia kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali.

Wilhelmina: Walikuja wiki ya mbalamwezi.

Pistoni: Ndiyo nini hiyo kwenye ripoti?

Wilhelmina: Tarehe hizi hapa. Mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa anafuata taa kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka haji. Mitumbwi ilikuwa imepumzika wiki nzima. Tulikunja nyavu, tukaenda kwenye shughuli zetu. Mimi nilikuwa Nansio, ubarikio wa mtoto wa dada yangu. Hao wataalamu walikuta mchanga na kenge kweli. Siwalaumu.

Tukashusha pumzi. Nikaona aibu kidogo, maana mimi ninayetengeneza taa zenyewe ndiye niliyepaswa kuwaza mbalamwezi kabla ya miwani ya jua. Lakini Wilhelmina alikuwa hajafunga kitabu.

Wilhelmina: Ila wameandika kwamba waliuliza. Hapa nyuma, kwenye kiambatisho. "Wazee wanne waliokutwa kwenye benchi la kahawa mwaloni walithibitisha kwamba eneo halitumiki na mtu yeyote. Mmoja wao alisema: Pale ni kenge tu, hata mchawi hapiti."

Akainua macho.

Wilhelmina: Hawa wazee wanne ni akina nani?

Profesa alitazama ziwa. Pistoni alikagua kucha. Mnada, mwenye sauti ya kuuza fahali watatu kwa mpigo, alikohoa kama paka. Yeremia alishika birika akaanza kulifuta, ingawa lilikuwa safi.

Mimi nilikuwa nimekumbuka kila kitu. Walikuja vijana wawili, fulana za kung'aa, kalamu mkononi, wakauliza, "Wazee, nani wanatumia ule uwanda?" Wiki hiyo kulikuwa na uvumi wa ushuru wa chanja, uvumi ambao ulianzia na kuishia hapa hapa kwetu. Ukimwona mtu mwenye fulana ya kung'aa na kalamu, unajua cha kufanya, hujui kitu. Tulikana kwa ushirikiano ambao hatujawahi kuwa nao. Profesa akasema yeye ni mgeni, kashuka jana. Mnada alinong'ona, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwashtua. Pistoni, anayetukana kwa Kisukuma akijikwaa, akatikisa kichwa kwamba hajui Kiswahili. Na mimi nikatoa ile ya kenge, nikaongezea na mchawi kwa utamu. Walipoondoka tukapeana mikono, na Yeremia akagawa kashata.

Mimi: Mayu, ni sisi. Maneno ya mchawi ni yangu.

Mnada: Tulidhani watu wa ushuru! Tulikuwa tunawalinda nyie!

Wilhelmina: Mmetulinda mpaka mmetufuta.

Hakupandisha sauti. Heri angetutukana, angalau tungepata pa kujitetea. Nilitamani ubao ule uvunjike, unitupe chini, watu wapate kitu kingine cha kutazama.

Wilhelmina: Baba Mukesh, na wewe uliwaambiaje?

Pistoni: Mimi niliwaambia sijui Kiswahili.

Wilhelmina alimtazama usoni. Midomo ikaanza kumcheza. Akajaribu kuizuia kwa upande wa kanga, ikashindikana, akacheka, akacheka mpaka kikombe kikamponyoka na machozi yakamtoka, akimwonyesha Pistoni kidole bila kupata pumzi ya kusema neno. Nasi tukacheka, kwa uoga mwanzoni, maana hatukujua kama tumesamehewa au bado.

Wilhelmina: Haya. Saa saba na nusu sasa. Nani ana mwandiko unaosomeka?

Mwandiko ulikuwa wa Pistoni, karatasi zilitoka dukani kwake. Ugomvi ulikuwa wa maneno. Profesa alitaka tuanze na heshima na taadhima, tupitie historia ya gesi duniani, ndipo tushuke taratibu mpaka Mabuye.

Wilhelmina: Andika wanawake thelathini na wanane. Andika chanja. Andika kwamba mbalamwezi tunapumzika.

Pistoni: Nimeandika. Halafu?

Wilhelmina: Andika, sisi wazee wanne tulisema uongo.

Profesa: Mayu, tunaweza kusema "taarifa isiyokamilika".

Wilhelmina: Uongo.

Mnada: Au "tulipitiwa"!

Wilhelmina: Uongo, baba.

Pistoni akaandika uongo, na kwa woga akalipigia mstari.

Tulipopita kilimani kuelekea ofisi ya kata, wanawake wengine walikuwa wanasubiri. Waliposimuliwa, habari ya Pistoni ilitutangulia. Kila tuliyekutana naye alimsalimia kwa ishara za mikono, kama bubu. Naye Pistoni akawa anacheka. Mnada alibeba ripoti kichwani, maana Profesa alisema mgongo unamuuma, na njia nzima vigelegele vilipigwa kana kwamba tunapeleka mahari. Sijawahi kuaibika kwa furaha namna ile. Tulifika ofisi ya kata saa tisa kasoro robo, tukiwa na jasho.

Mtendaji wa kata, Bi. Bernadeta, ni mwanamke asiyependa kelele. Alisoma barua yetu mara moja, akainamia droo kwa muda mrefu akitafuta mhuri uliokuwa juu ya meza. Aliporudisha uso, macho yalikuwa mekundu kwa kicheko alichokimeza.

Bernadeta: Hii inaenda leo hii. Kwa maelezo haya naona wataalamu watatakiwa warudi wahesabu upya. Sasa hapa hamjaandika jambo moja. Wakirudi, wamuulize nani?

Profesa akanyoosha mkono. Wilhelmina akaushusha taratibu, akachukua kalamu, akainama mezani akaongeza mstari mwenyewe, kwa herufi kubwa za mtu anayetaka zionekane. Kisha akatugeuzia karatasi tusome kabla ya kuweka majina.

Alikuwa ameandika: "Wamuulize Wilhelmina, uwandani. Wakipita mwaloni wanywe kahawa, ila wasiulize chochote."

Profesa aliusoma mara mbili akitafuta kosa. Hakuliona, akavua miwani yake, akasaini wa kwanza. Nasi tukafuata.