Glavu za Darasa la Alhamisi

Risala ya wanafunzi watu wazima wa nukta nundu, Paysandú, kwa Profesa Amalia Iriarte

Mgeni rasmi, Profesa Amalia Iriarte, msimamizi wa utafiti wa uzamivu uliofanyika katika chumba hiki. Bwana Gonzalo Ferrando, mtafiti wetu. Mkurugenzi wa kituo. Na ninyi nyote mliokuja na vibuyu vyenu vya chai ya yerba na chupa za maji moto:

Mtu anapaswa kusoma kwa kasi gani ndipo tukubaliane kwamba anasoma? Swali hili tumelijadili Alhamisi nyingi bila kupata jibu. Tunalileta kwako tukijua kwamba wiki ijayo utaidhinisha sura ya mapendekezo ya tasnifu ya Bwana Gonzalo, na kwamba katika sura hiyo jibu limekwisha kuandikwa.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Umefika siku ya mvua, na siku ya mvua hapa kwetu hukaangwa maandazi ya torta frita. Moshi unaousikia ni wa jikoni kwa Bi Nibia, mwenzetu anayeishi jirani. Jengo liko salama.

Mimi ninayesoma naitwa Eliana Bentancor, mwanafunzi wa historia chuo kikuu, na ndimi mdogo kuliko wote darasani. Nilipoteza uwezo wa kuona nikiwa mwaka wa kwanza. Utafiti ulihusu waliopoteza kuona baada ya kutimiza miaka arobaini, kwa hiyo mimi sikupimwa. Wenzangu wamenichagua kwa sababu hiyo hiyo: wanasema sina alama za kupoteza. Risala hii naisoma kwa vidole, kwa nukta nundu. Ukinisikia nimenyamaza, usidhani nimesahau. Kidole kinautafuta mstari. Mzee Wilmar ameahidi kukohoa nikiruka aya.

Lugha rasmi humu ni yangu, lakini yapo maneno ya wenzangu yaliyoingia kwa nguvu. Tulipokuwa tukiiandaa risala, Mzee Wilmar Etcheverry, aliyeendesha lori la machungwa hadi kisukari kilipomchukulia macho, alinionya.

"Binti, usimsifu sana huyo Profesa. Atadhani tunataka kumkopa."

"Msifu kidogo," akasema Bi Nibia Silveira, fundi cherehani mstaafu. "Katuletea hita."

"Si ndiyo hita yenyewe tunayotaka kuisema?"

"Basi sifu kwanza, useme baadaye. Hujawahi kuoa wewe?"

Profesa, tunakusifu. Habari za hita zinakuja.

TULIKOTOKA

Darasa letu lilikuwapo kabla ya utafiti. Tulianza tukiwa watu wachache tulioletwa na wana wetu, wengi wetu kwa kulazimishwa, kujifunza stadi za kujimudu upya: kutembea na fimbo, kumimina maji ya moto bila kujiunguza, na kila Alhamisi mchana, kusoma nukta nundu. Tulikuwa tukijifunza kwa karatasi ngumu na kibao cha kutobolea, na tulikuwa tukilalamika.

Ndipo akaja Bwana Gonzalo na mashine yake. Kwa wasioijua, ni kisanduku chenye pini ndogo zinazoinuka na kushuka, zikiunda herufi chini ya kidole, mstari baada ya mstari, bila karatasi. Upya wake ni kwamba nafasi kati ya pini inaweza kupanuliwa kwa ajili ya vidole vilivyozeeka au vilivyokufa ganzi kwa kisukari. Mzee Wilmar, ambaye kwenye karatasi alikuwa akisema nukta zote ni mchanga tu, siku hiyo aligusa pini na kusema, "Hii ni W. Hii yangu." Kisha akatoka nje kwenda kuvuta sigara ambayo daktari amemkataza.

Bwana Gonzalo tunampenda, na tunataka jambo hilo liandikwe. Pini zikikwama alizifungua mwenyewe hapa mezani. Alileta keki za siagi kila mara, hata kwa wale wasioruhusiwa kuzila, hasa kwao. Ana kasoro moja tu: akikutana na jambo asilolielewa, hubofya kalamu yake, kisha huandika. Sasa hivi tunamsikia akibofya.

MAFANIKIO, NA SUALA LA GLAVU

Mafanikio yetu hayamo katika tasnifu, maana yalitokea baada ya kila kipindi, wakati mtafiti akifunga mashine yake.

Profesa, sisi hucheza karata, mchezo wa truko. Wewe ni mtu wa nchi hii, huhitaji kuelezwa kwamba katika truko asiye na kitu mkononi anaweza kushinda kwa sauti tu, kwa kulitamka jina la mchezo, mradi mwenzake aamini na kukimbia. Karata zetu tulizitoboa nukta wenyewe. Wenye macho hupeana ishara kwa kukonyeza na kukunja midomo; sisi hukanyagana chini ya meza. Siku moja Bwana Gonzalo alikaa kati yetu akakanyagwa kwa ishara ya Bi Nibia iliyokusudiwa mimi, na katika maelezo yake ikaingia kwamba washiriki huonyesha dalili za kukosa utulivu miguuni.

Kuhusu glavu, alisema kweli kwamba baadhi yetu huvaa glavu za sufu ndani ya nyumba. Akaeleza kwamba huenda baridi inapunguza wepesi wa vidole na hivyo kuathiri kasi ya kusoma. Wewe, kwa moyo mwema, ukatuletea hita. Tunashukuru. Tunaikalia karibu, na paka wa mlinzi anaikalia karibu zaidi. Lakini glavu hatujavua, kwa sababu anayezivaa ni yule anayegawa karata. Karata zina nukta. Mgawaji mwenye vidole vitupu angejua anampa nani nini. Bi Nibia alizifuma nene makusudi. Ni watu wanaosoma tu ndio wanaohitaji kuzuiwa wasisome.

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya Bi Nibia. Nilitaka kuiondoa, nikakanyagwa.

CHANGAMOTO

Sura ya mapendekezo inasema hivi, nasi tulisomewa na Bwana Gonzalo mwenyewe, kwa uaminifu wake: kwa kuwa watu waliopoteza kuona baada ya miaka arobaini husoma nukta nundu polepole mno, saa zao za mafunzo zihamishiwe kwenye simu zinazosoma kwa sauti. Kituo kimesema kitafuata. Maana yake, kuanzia muhula ujao, darasa la Alhamisi halipo, na mashine inarudi maabara.

Hatuzichukii simu hizo. Zinatuambia basi limefika wapi, na timu ya Mzee Wilmar imefungwa na nani, jambo ambalo angependa lisomwe polepole zaidi. Tena hatukatai kwamba tulisoma polepole. Kipimo kilikuwa maelezo ya utunzaji wa nyuki. Mzee Wilmar aliyasoma kwa mwendo aliouona unawafaa. Hana nyuki.

Tunaomba tukueleze jambo moja lililotokea hapa, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Mzee Wilmar anaishi na mwanawe Fabián, mtu mwema sana. Fabián humsomea baba yake barua, majibu ya hospitali, na maandishi ya paketi za dawa. Simu ya mzee nayo husoma ujumbe kwa sauti, na nyumba ni ndogo; mkwewe huujua kabla yeye hajaumaliza. Hapana ubaya wowote. Ila hapana kitu katika maisha ya mzee huyu ambacho hakikupita kwanza mdomoni mwa mtu au masikioni mwa wote.

Siku hiyo Fabián alikuja kumchukua mapema, akatukuta mchezoni, akaketi kumkabili baba yake. Bi Nibia akavaa glavu.

"Bi Nibia, unasikia baridi?" Fabián akamwuliza.

"Sitaki kujua ninachokupa, mwanangu. Cheza."

Mzee Wilmar alipitisha kidole juu ya karata zake, taratibu, kwa ile kasi ambayo tasnifu inaiita haitoshi. Halafu akasema, "Truko."

Tulimsikia Fabián akisogea kwenye kiti.

"Baba, huna kitu."

"Basi ingia."

"Unanitisha tu."

"Ingia, kijana. Mlango uko wazi."

Fabián akatupa karata zake mezani. Mzee akazirudisha zake katikati ya kifurushi, akakichanganya.

"Sasa niambie, Baba. Ulikuwa na nini?"

"Umekimbia. Mwenye kukimbia haonyeshwi."

"Mimi mwanao."

"Ndiyo maana nakufundisha."

Alhamisi iliyofuata Mzee Wilmar alifika akicheka peke yake. Fabián alikuwa amemwuliza tena garini, na tena mezani, na tena mbele ya mkewe. Sisi pia tulimwuliza kwa ajili ya risala hii, ili upate ukweli kamili wa kitafiti. Amekataa.

Profesa, kabla ya siku hiyo hapakuwa na siri hata moja iliyokuwa yake. Tunajua utasema avae visikizi vya masikioni. Mezani kwetu tunacheza kwa masikio. Ukiyaziba, hutasikia sauti ya mwenzako ikitetereka anapodanganya. Na simu inayosoma karata kwa sauti, katika truko, ni mwenzako msaliti. Si katika truko peke yake.

MAOMBI

Tunaomba sura hiyo irudishwe mezani kwa Bwana Gonzalo kabla hujaidhinisha. Hatuombi abadilishe vipimo vyake. Ni vya kweli. Tunaomba aongeze kile ambacho mtu alikisoma, na kwa nini alitaka kukisoma, na ni nani hakupaswa kusikia. Kwa kazi hiyo tutamkaribisha mezani bila kumficha kitu, isipokuwa karata.

Tunaomba pia mashine ibaki hadi Mzee Wilmar amalize kujifunza. Kwenye karata alitoboa nukta kubwa kwa mkono wake. Kwenye karatasi ya kawaida bado anasema ni mchanga. Mashine ikiondoka, karata ndizo zitakazobaki kuwa maktaba yake yote. Alipolisikia ombi hili alisema, "Usimlilie huyo mama, binti. Mwambie tu."

Ninakuambia tu.

TAMATI

Mungu akulinde njiani, Profesa, mvua isikukatishe barabara ya Montevideo, na Bwana Gonzalo apate shahada yake, maana ameitolea jasho na keki. Torta frita zinaliwa zikiwa moto. Tafadhali usituonee haya.

Umenisikia nikisoma tangu mwanzo hadi hapa. Nimesoma polepole, nanyi mmesubiri, na mvua imekwisha. Kama nilikuwa nasoma au sikuwa nasoma, bado hatuna jibu la kukupa. Tuna uamuzi, na tumeufikia kwa kura, wote tukiwa tumeinua mikono na Bi Nibia akipita kuigusa.

Darasa la nukta nundu la watu wazima litaendelea kila Alhamisi mchana. Ukumbi huu ukiruhusiwa, litakuwa hapa. Tukinyimwa, litakuwa jikoni kwa Bi Nibia. Mashine ikiondoka, tutarudi kwenye kibao cha kutobolea, na tutatoboa nukta kubwa. Mimi nitafundisha.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Alhamisi, Paysandú