Kumuaga Fundi Djaanfar, Bingwa wa Skrubu za Oili

Leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 1990, Fundi Djaanfar Ousseni anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi katika karakana zetu mbili za mashine za boti, ya Mutsamudu na ya Moroni, kila moja kisiwa chake. Jarida la wafanyakazi limenipa ukurasa mmoja, nami nimeombwa niusome hapa mbele yenu. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa Fundi alijifunzia kazi Unguja, nami nilizaliwa huko, na tulipokuwa karakana moja tuligombana kwa lugha hii kila siku ya Mungu. Asiyeijua amwombe jirani amfasirie.

Kwanza ufundi wake. Mashine ya boti ina mguu unaoingia majini, na ndani ya mguu mna gia zinazokaa kwenye oili. Oili hiyo humwagwa kwa skrubu ya chini, ukishalegeza ya juu ili hewa ipite. Kusema ni rahisi. Chumvi ikishakaa mwaka mzima, skrubu hiyo hugoma kabisa. Fundi alikuwa hafungui kitu kabla hajaweka kidole juu ya kichwa cha skrubu. Aliusafisha mfereji wake wa kuingizia bisibisi kwa msumari, akagonga mara moja kwa nyundo kuitikisa chumvi, ndipo akachagua bisibisi. Alikuwa nazo kumi na moja, zote amezichonga mwenyewe kutoka springi za gari bovu la Pejo, na aliyeazima moja bila ruhusa alisemwa wiki nzima.

Washa, zile pete za kuzibia skrubu isivuje, alitaka mpya kila mara. Zilipokosekana kutoka ng'ambo alizikata kwa ngozi, nasi tukaacha kuvua makubadhi mlangoni. Saoudat wa ofisini anaapa hadi leo kwamba kiatu chake cha kushoto kinakwenda na kurudi kisiwa cha Mwali kila wiki ndani ya mashine ya mtu.

Ningependa niendelee na mzaha hadi mwisho wa ukurasa. Sitaweza. Wageni wenye bunduki waliondoka Disemba iliyopita, na kuna jambo la mwaka 1983 ambalo nimelificha muda mrefu mno.

Wakati ule neno mamluki halikutamkwa. Tulisema "wageni", tena kwa sauti ya chini, hata majumbani mwetu. Alhamisi tarehe 18 Agosti askari wawili wa kizungu, nguo nyeusi, walileta mashine ya boti yao karakanani Mutsamudu. Oili ilikuwa imeingiwa na maji, wakataka ibadilishwe, maana mkubwa wao alikuwa anasafiri kwenda Mwali saa tisa alasiri. Fundi alikuwa kijijini Patsy kwenye maziko. Aliyekuwepo ni mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, baba wa watoto wawili, na kiburi cha kutosha.

Skrubu ya oili ilikuwa imezibwa na chumvi na rangi hata mfereji wake hauonekani. Kando yake, upana wa kidole tu, palikuwa na nyingine ya kichwa cha msalaba, safi, inang'aa. Sikuweka kidole. Nilichukua bisibisi ya msalaba nikaifungua hiyo, nikajipongeza kwa wepesi wa kazi. Oili haikutoka. Nilisikia mlio mdogo ndani ya mguu, na mkono wa gia ukalegea. Katika mashine zile za zamani skrubu hiyo ndiyo inayoushika uma wa gia, kipande kinachoisukuma gia mbele au nyuma. Ukiitoa, uma unaanguka, na mashine haiendi mbele wala nyuma.

Wiki chache kabla yake mchukuzi wa bandarini, Toihir, alikuwa ameangusha pipa lao la petroli. Walisema ni hujuma, wakamchukua. Walimrudisha baada ya siku tisa, na tangu hapo hawezi kukunja vidole vya mkono wa kulia. Riziki yangu yote imo vidoleni. Nilikaa sakafuni na, nasema kweli, nililia.

Fundi aliingia saa saba, vumbi la makaburini bado miguuni. Aliitazama ile skrubu juu ya kitambaa, akanitazama mimi. Nyuma yake akaingia askari mmoja, akaushika mkono wa gia, akauliza kwa Kifaransa ni nani aliyeharibu. Muda wa kusema nilikuwa nao, jamani, na sikusema.

"Nimeifungua mimi," alisema Fundi. "Mkono wangu umekosea. Saa tisa itakuwa tayari."

Askari aliiweka bastola yake mezani katikati ya bisibisi, akavuta kiti akaketi.

Kwanza ilibidi skrubu ya oili yenyewe itoke. Fundi aliipasha moto, akagonga, akaijaribu kwa bisibisi moja, ikateleza. Kichwa cha skrubu kikiliwa, basi, huna tena pa kushika. Aliiweka chini bila haraka, akachukua nyingine iliyoujaza mfereji wote, akaiegemea kwa kifua. Mimi niliushikilia mguu wa mashine, ukicheza mikononi, hadi akanikanyaga nitulie. Skrubu ikalia, ikazunguka, na oili nyeupe ya maji ikamwagika. Aling'oa kipande cha chini, akaurudisha uma mahali pake, akaushikiza kwa spoki ya baiskeli mpaka matundu yakalingana, akaikaza ile ya msalaba. Kisha akajaza oili mpya kutoka chini hadi ikachungulia kwenye tundu la juu. Ilipokuwa saa tisa kasoro dakika kumi askari aliijaribu gia, mbele na nyuma. Ilikubali.

Walimchukua hata hivyo. Siku nne. Alirudi akichechemea, na mpaka leo hajasimulia.

Tarehe 24 ya mwezi huohuo ofisi yetu ikaandika barua kwamba Djaanfar Ousseni ameharibu mashine kwa uzembe, kwamba hatapewa ukuu wa karakana, na kwamba anahamishiwa Moroni. Mnajua kwetu nyumba ni ya mke. Bi Bahiat alibaki kwake Mutsamudu, na mumewe akapanga chumba Moroni karibu miaka saba, akichekwa kwa Kindzuani chake, lugha ya kisiwa chetu, na watu aliokuwa akiwafundisha kazi. Nyumbani alikuja kwa Idi.

Ukuu wa karakana ya Mutsamudu nilipewa mimi. Chini ya barua ile kuna sahihi ya shahidi, nayo ni yangu.

Mwaka 1986 nilimfuata Moroni nikamwambia nakwenda kusema ukweli. Alinikatalia kwa ukali. Alisema watatuchukua wote wawili, na watoto wangu bado wadogo. Sasa wamekua, wageni hawapo, na sina tena pa kujificha. Asubuhi hii nimekabidhi ofisini maelezo haya yawekwe kwenye faili lake, pamoja na funguo za karakana.

Fundi, kwa niaba ya wenzako wa visiwa vyote viwili, ahsante. Mungu akupe afya na umri, na ule chakula cha nyumbani kwako kila siku, si kwa Idi tu. Bi Bahiat, umeketi mstari wa mbele, na miaka yote hii umeniita ndugu wa mumeo. Mumeo hakukosea. Aliyeifungua skrubu ile ni mimi, Chamsidine Saindou.