Mkaguzi Aliyekataa Chai: Ratili, 1955–2019

Marehemu kaka yetu, ambaye karibu sote hapa tulimwita Ratili, alizaliwa tarehe 9 Juni 1955 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake alikuwa seremala na mama yake mshonaji. Jina la Ratili alipewa na mama, kwa sababu siku alipopelekwa kliniki kupimwa uzito alitulia tuli kwenye mizani huku watoto wote wengine wakiangua vilio. Mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alizaliwa miaka sita baadaye. Huyo alilia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Hana haraka, lakini hakosei." Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha vipimo, na mwaka 1978 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani katika maduka ya mjini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilo ya dukani ni kilo kweli. Alitembea na sanduku la mawe ya mizani ya shaba, na hakuyagusa kwa mkono mtupu hata siku moja, maana jasho la kidole nalo lina uzito wake. Alikuwa na kanuni moja ambayo ofisi haikumlazimisha: mtu ambaye mizani yake inakaguliwa, huli chake wala hunywi chake.

Kanuni hiyo ndiyo nusura imnyime mke. Shemeji yetu alikuwa muuzaji katika duka la ushirika, na Ratili alilikagua duka lile miaka miwili bila kumwambia neno zaidi ya "mizani iko sawa." Mwishowe alimwomba mkuu wake duka lile apewe mkaguzi mwingine, na wiki iliyofuata ndipo akapeleka salamu. "Mimi nilijua mizani yangu imemuudhi," shemeji husema mpaka leo. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1984 alipelekwa kukagua miji mitano ya mpakani, kaskazini. Aliambiwa ni miaka miwili tu. Ikawa thelathini na mmoja. Tumekuta kwenye makaratasi yake nakala za barua tatu za kuomba kurudishwa kwenye maduka ya mjini, zote za miaka ya mwanzo, na hakuna jibu hata moja. Kila baada ya miezi miwili aliondoka na gari la ofisi, akashika njia ya lami mpaka ikaisha, kisha ya changarawe mpaka nayo ikaisha, halafu akafuata alama za magurudumu ya malori. Kutoka mji hadi mji ilikuwa siku nzima ya vumbi. Wiki tatu zikipita, alirudi nyumbani mgeni. Mtoto wake wa pili, akiwa na miaka minne, aliuliza mbele yake, "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?" Ratili alicheka siku ile. Baadaye alimwambia mdogo wake kwamba hakuwa amecheka.

Mji wa mwisho ulikuwa na mtaa mmoja, kizuizi cha mpaka kilichopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na nyumba ya wageni ya vyumba sita. Yeye alilala namba nne, chumba chenye kitanda cha chuma, kiti kimoja, na dirisha lililotazama kizuizi. Wenye maduka walikuwa ndio watu wote wa mji, kwa hiyo kwa kanuni yake hakuwa na wa kula naye. Alijinunulia chakula, akala peke yake, akacheza drafti kwa vizibo vya chupa dhidi ya nafsi yake. Mdogo wake alipomuuliza ni nani hushinda, alijibu, "Yule wa upande wa pili. Mimi huwa nimechoka na safari."

Katika mji huo kulikuwa na muuza nafaka. Katika ukaguzi wa kwanza Ratili aliifungia mizani yake kwa kuwa ilipunja gramu arobaini kwa kila kilo. Haikuwa hila, ilikuwa kutu. Hata hivyo duka lilifungwa siku tisa. Safari iliyofuata, muuza nafaka alimwekea kikombe cha chai juu ya kaunta, kuonyesha kwamba hana kinyongo.

"Nikinywa, watu watasema mizani yako imepona kwa chai," Ratili alimwambia.

"Na ukistaafu?"

"Nikistaafu nitakunywa."

Tangu siku hiyo, kila alipokuja, kikombe kilimiminwa na kuwekwa kaunta. Ratili alipanga mawe yake, akapima, akaandika, chai ikapoa. Kwa hesabu ya shajara zake, ilipoa mara mia moja sabini na moja. Kwa shemeji yetu aliweza kuomba mwenzake ampokee duka. Kaskazini hakukuwa na mwenzake wa kumpokea, na hivyo mtu pekee aliyetamani kuketi naye kule ndiye aliyejikataza kunywa naye.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2015. Alisubiri mwaka mzima bila kulazimishwa na yeyote, asije mtu akasema alikuwa anafuata fadhila, kisha akaanza kusema habari za kwenda kunywa chai. Wakati huo miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba na daktari alimkataza kuendesha gari. Mdogo wake ana gari. Mdogo wake alisema, "Mvua ziishe kwanza." Mvua zikaisha, akasema gari liko gereji. Likatoka gereji, akasema, "Kaka, siku mbili za vumbi kwa ajili ya kikombe cha chai, si tutakunywa hapahapa?" Ratili alipanga begi lake mara tatu na mara tatu akalipangua, bila kumlaumu mtu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba tumbo linaloumia linaweza kuwa la yule aliyengojesha. Mdogo wake anaomba radhi mbele yenu wote, kwa kuwa nafasi ya kuomba mbele ya mwenyewe aliichezea.

Mwaka 2018 figo zake zilishindwa. Alilazwa mara nne, akiuguzwa na mkewe na binti yake mkubwa. Alifariki dunia hospitalini Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Begi lake lilikuwa chini ya kitanda nyumbani, limepangwa.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizo nazo, yameandikwa kwa kalamu asubuhi hii. Jumanne hiyohiyo mdogo wake alimpigia simu muuza nafaka kumpa taarifa, na kumwambia kwamba kaka alikuwa njiani kwa moyo wake wote. Yule mzee akasema, "Tangu alipostaafu, kila gari likisimama mimi huinuka kutazama." Alipanda lori, akabadilisha basi mara mbili, akafika jana jioni. Ndiye aliyeketi kiti cha mwisho, mwenye koti la kijivu.

Leo asubuhi shemeji alimpelekea chai. Aliisukuma pembeni taratibu. "Mama, siwezi. Yeye kwangu hakuonja hata tone. Mimi kwake nitameza vipi?"

Shemeji hakulia. Alikirudisha kikombe mbele yake. "Kunywa, shemeji. Mkaguzi ameshastaafu."

Alikinywa chote kikiwa bado cha moto. Sisi tulimtazama mpaka akamaliza.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, mdogo wake mmoja aliyechelewa, na rafiki mmoja ambaye hakuwahi kuketi naye mezani.

Kaka, chai imenywewa. Pumzika kwa amani.